Nyekundu Siku ya Pili ya Krismasi

Swali lililoninyima usingizi, ndugu zangu, ni fupi. Kama Emanueli ni Mungu pamoja nasi, alikuwa wapi siku ile barabarani?

Kwa asiyejua, nitasema mara moja tu. Mimi na rafiki yangu tulitoka chuo pamoja, tukapata ualimu Hulugho, kule karibu na mpaka wa Somalia. Huko tulisali darasani, walimu, manesi na polisi wachache, na yeye ndiye aliyetusomea masomo. Ilipokaribia Krismasi akaondoka kwenda kwao. Mimi nilibaki kitandani na homa. Watu wenye silaha walisimamisha gari njiani. Hakufika.

Nikahamia hapa Garissa mjini. Mkanipokea, mkaniandikisha kuwa msomaji, na kila zamu yangu ilipofika nikasingizia kifua. Majilio, majuma yale ya kuingoja Krismasi, ndiyo yaliyonitesa zaidi. Nyinyi mnaimba njoo, njoo, nami natazama mlango nikijiuliza ni nani anayekuja. Hata mkesha wetu wa Krismasi, tunaousali saa kumi jioni kwa ajili ya usalama, jua likiwaka, niliusali nikiwa nimeshachagua dirisha la kutokea. Askari wa langoni akanitania, "Mwalimu, kila siku nyuma! Unaogopa mahubiri?" Nikacheka.

Siku yenyewe ya Krismasi iliyopita sikuja kabisa. Mama mwenye nyumba wangu, Msomali ninayemwita Eedo, yaani shangazi, akaniletea mikate ya anjera na chai ya maziwa.

"Leo kwenu Nabii Isa amezaliwa," akasema, "na wewe nakaa kama mtu ameibiwa ngamia."

"Nafikiria, Eedo."

"Kila siku nafikiria! Fikira imekupa nini? Kula."

Sikula. Akaketi. Rafiki yangu alimjua, maana tulilala kwake kila tulipopita mjini. Akasema taratibu, "Mimi pia naona yeye. Hapo mlangoni, na viatu mkononi. Naombea yeye."

Ndugu zangu, nilidhani ni mimi peke yangu ninayemwona.

Kesho yake asubuhi nikaja hapa kumwambia Padre aondoe jina langu kwenye orodha ya wasomaji, na ukweli ni kwamba nilikuja kuaga kanisa lenyewe. Nikamkuta sakristia anavaa mavazi mekundu. Altare nayo ilikuwa imetandikwa nyekundu. Nikasahau nilichojia.

"Padre, jana si ilikuwa nyeupe? Krismasi imekwisha?"

"Bado iko. Leo ni Stefano, yule shahidi aliyepigwa mawe; nyekundu ni damu yake."

"Siku moja tu baada ya mtoto kuzaliwa?"

"Siku moja tu. Na keshokutwa ni wale watoto waliouawa na Herode. Kanisa halikuificha damu, mwanangu. Liliiweka ndani ya Krismasi."

Nimesoma hadi chuo kikuu na nimekuwa Mkristo tangu utotoni, lakini siku hizo nilizipita kila mwaka nikidhani sherehe imekwisha, tunasubiri mwaka mpya. Niliamini kifo cha rafiki yangu kimeiharibu Krismasi. Kumbe nafasi yake ilikuwamo. Mtoto yule alizaliwa katika nchi ambamo watu walikuwa wanauawa, na wazazi wake wakakimbia naye. Alikuja huko huko. Sisemi swali langu limejibiwa. Bado huniamsha. Ila sasa naliuliza nikiwa ndani.

Namshukuru Eedo, ambaye hayupo hapa lakini chakula chake mmekionja. Namshukuru askari wa langoni, Padre, nanyi mlioniachia kiti cha nyuma bila kunihoji. Ninalowaomba ni moja: Krismasi hii msiwafiche marehemu wenu ili sherehe ipendeze. Waleteni pangoni kwa mtoto.

Mimi nilifanya hivyo asubuhi ile. Nilimwomba Padre Misa iwe ya kumwombea rafiki yangu, na somo nilisome mimi. Akanipa kitabu. Nikaenda mbele, nikalitaja jina lake kwa sauti, kisha nikaanza kusoma.