Mwalimu Fabiola na Tasnifu Iliyosomwa Mlangoni Dirma

Mbulu, 27 Juni 2014

Kwa heshima ya Mwalimu Fabiola Margwe,

Jumatatu ijayo Mwalimu Fabiola anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi. Alianza kwa kufundisha sekondari. Mkoa wa Manyara ulipotimiza mwaka mmoja, chuo chetu kilimwita aanzishe Kituo cha Uandishi, na hajatoka tena.

Wanafunzi wetu ni madaktari na wauguzi wanaosomea shahada ya uzamili. Kutibu wanajua, tasnifu ndiyo iliyowatoa jasho. Mwalimu aliwasahihisha kwa penseli, ili asiyekubaliana naye aweze kufuta. Chai ilimiminwa ukurasa wa kwanza ukishasomwa kwa sauti, na siku za baridi walisoma mbio kweli.

Alikuwa na sharti moja: kazi isomwe kwanza mbele ya watu walioandikwa humo. Wasimamizi walinung'unika kwamba anawachelewesha vijana.

Mwaka 2006 watahini walimrudishia tasnifu Yoakimu, muuguzi wa Nangwa, mume wangu, aliyeikabidhi bila kutimiza sharti hilo. Alibakiwa na nafasi moja. Ikishindikana, shahada hana. Alikuwa ameandika kwamba akina mama wa Dirma wanakataa kliniki wakishajifungua. Mwalimu akamtania kuwa anahukumu kama hakimu ambaye hajawaona washtakiwa, akampeleka Dirma, wilayani Hanang.

Mama mmoja mwenye nyumba aliitikia shikamoo zao, akawaketisha nje ya mlango. Ndani alikuwamo mkwewe aliyejifungua, na kwa mila yao mzazi hatoki kwa miezi kadhaa. Yoakimu akasoma akiwa hapo hapo nje. Alipomaliza, sauti ikatoka ndani:

"Baba, mimi sijamkataa mtu. Nipo humu. Wewe ndiye hukuja."

Mama mkwe akacheka, akamwuliza kama huko kwao Nangwa ng'ombe mgonjwa hujipeleka mwenyewe kwa daktari.

Yoakimu alirudi chuoni. Kisha akaandika upya sura nzima, akieleza kwa nini mzazi hatoki, na kwamba muuguzi ndiye anayepaswa kumfuata. Watahini walimpitisha na kumpongeza. Zahanati ya kule, Yoakimu akiwamo, ikaanza kuwatembelea wazazi majumbani, na wasimamizi wetu wakaacha kunung'unika. Leo wao wenyewe ndio huuliza: mmeshawasomea wenyewe?

Mwaka jana tulipomzika Yoakimu, wanawake wa Dirma walikuja Nangwa, wengine na watoto aliowapima uzito nyumbani kwao. Walikaa nami siku ile nzima.

Asante, Mwalimu. Kazi yako inatembea nyumba kwa nyumba huko Hanang. Pumzika kwa afya, ule matunda ya jasho lako. Ukiwasimulia wajukuu habari za kituo, mtaje Yoakimu, na mimi unikumbuke.

Doris, karani wa kituo