Séraphin Kilufya, Aliyekataa Kuingia Ndani

Hii ni mara ya pili familia ya Kilufya inawaita ndugu na majirani kumlilia Séraphin. Mara ya kwanza, mwezi wa Mei 2006, hapakuwa na mwili. Padri aliombea picha iliyowekwa juu ya meza, na mama mzazi akazika suruali moja na mkanda wake. Leo mwili upo. Wengi waliolia siku ile wamekaa tena hapa, na yanayofuata ni habari za mtu aliyeishi kati ya vilio hivyo viwili.

Séraphin Kilufya Ngoie alizaliwa Shituru tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya kampuni, mtoto wa tatu wa Ghislain Kilufya, mfanyakazi wa tanuru kiwandani, na wa Gertrude Kapya, wote wawili sasa marehemu. Alikuwa mtoto mbishi. Siku ya komunyo yake ya kwanza, mwaka 1977, alikataa viatu vya kuazima kwa sababu vilimbana. Mama yake akamwambia, "Utavaa, ao utabakia ku nyumba." Hakuvaa wala hakubaki. Alikwenda altareni na suti nyeupe na miguu mitupu, akipiga hatua kama askofu. Mama yake aliificha picha ya siku hiyo kwa aibu muda mrefu, kisha akaitundika ukutani mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi ya parokia hapo Shituru, halafu shule ya ufundi mjini Likasi, tawi la umeme, alikopata diploma ya taifa mwaka 1987. Mwaka wa tatu aliurudia, kwa kuwa mbele ya darasa zima alikataa kunakili jibu la ubaoni alilosema si sahihi. Jibu lilikuwa sahihi. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe, akicheka, hata alipokuwa mgonjwa.

Mwaka 1989 aliajiriwa kuwa fundi wa umeme kwenye bwawa la Mwadingusha. Juma zima alilala kambini, na Jumamosi jioni aliteremka Likasi akinuka samaki wa kukausha. Ni katika Jumamosi hizo alipomfahamu Bibiane Masengo, aliyekuwa akiuza vitenge sokoni Kikula. Alisimama mbele ya meza yake, akauliza bei, akaikataa. Juma lililofuata akarudi kukataa tena. Bibiane alimlalamikia dada yake, "Huyu muntu hanunue kintu. Anakuya tu kubishana." Walifunga ndoa kanisani tarehe 7 Agosti 1993. Mungu aliwapa Dodo mwaka 1994, na Plamedie mwaka 1999.

Mwezi wa Septemba 2003, mishahara ikiwa imekatika, Séraphin alikubali kibarua cha kwenda kuweka jenereta katika kituo cha afya upande wa Mitwaba. Njiani gari lilisimamishwa na watu wenye bunduki. Dereva aliachwa arudi na habari. Séraphin hakuachwa, kwa sababu walikuta mfukoni mwake bisibisi na koleo, na wao walikuwa na redio zilizokufa. Mwaka 2006 mtu mmoja aliyetoroka porini alikuja kusema kwamba fundi wa Likasi amekufa kwa kuhara damu. Familia ikalia. Mwaka uliofuata kilio kikaondolewa kwa desturi, na Bibiane akaambiwa kwamba yuko huru kuolewa. Hakuolewa. Waliomuuliza sababu aliwajibu kwamba vitenge vinamtosha kwa kubishana.

Fundi hakuwa amekufa. Kwa miaka kumi na mmoja alihamishwa kutoka kambi hadi kambi, akitengeneza redio na kuchaji betri. Kuhusu miaka hiyo alisema machache, na familia haikumchokonoa. Alisema kwamba mateka hakuruhusiwa kusimama, kunywa maji wala kwenda msituni kujisaidia bila kuomba ruhusa. Alisema kwamba rafiki yake mmoja alikwenda mtoni bila kuomba, na hakurudi. Alisema pia jinsi alivyofunguliwa, na hilo ndilo ambalo hakuna aliyelisikia akabaki vilevile. Mwezi wa Agosti 2014 kambi ilishambuliwa alfajiri na wote wakatawanyika. Séraphin alibaki ameketi pale alipokuwa ameketishwa. Kesho yake mwanamke mmoja wa kijiji cha jirani, akienda shambani kwake, alimkuta hapo peke yake.

"Baba, unangoya nani?"

"Nangoya ruhusa."

Mwanamke yule alitazama kambi tupu, majivu, vyungu vilivyopinduka. Kisha akamwambia, "Basi, enda."

Ndipo akasimama. Jina la mwanamke yule hakulijua kamwe, lakini hakuna rozari aliyoisali Séraphin bila kumtaja, kama "mama wa shamba".

Alifika Likasi tarehe 21 Septemba 2014. Hakubisha hodi. Plamedie, aliyekuwa na miaka minne baba yake alipochukuliwa, alitoka nje akamwona mzee mwembamba amesimama mlangoni, akarudi ndani kusema, "Mama, kwiko muntu moya inje. Haongee, haombe kintu." Bibiane alitoka na mwiko wa kusongea bukari mkononi. Majirani wanasema alipiga kelele iliyosikika mpaka reli. Yeye alisema hakumbuki kelele yoyote. Alichokumbuka ni kwamba mume wake alimtazama, akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kuingia.

Kwa desturi, kilio kikiisha kuondolewa, ndoa imekwisha. Wazee wa pande mbili wakakutana ili kuwaunganisha tena, na kila mtu alidhani litakuwa jambo la soda na kuku. Gauthier, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyeongoza. Akauliza, "Séraphin, unamutaka bibi yako?"

"Kama munaniruhusu, yaya," akamjibu kaka yake.

Wanaume wakacheka na kupiga makofi. "Tumekuruhusu! Tumekuruhusu!" Bibiane akasimama.

"Minye sikubali," akasema. "Haina kusema simupendi. Lakini huyu, mukimuambia aoe kiti, ataoa kiti. Siku atasema apana ku kintu kimoya, hata kidogo, njo mutaniita."

"Shemeji, unamufukuza?"

"Simufukuze. Chumba kya nyuma kiko. Namungoya."

Alilaumiwa sana kwa neno hilo, na wengine waliomlaumu wamo katika uwanja huu. Alilishikilia. Séraphin akakaa katika chumba cha nyuma, akilala sakafuni karibu na mlango, na kila kitu alikiombea ruhusa. "Mama Dodo, naweza kuamuka? Mama Dodo, naweza kunywa?" Mwanzoni Bibiane alimjibu ndiyo. Kisha akaona kwamba kila ndiyo yake ni kamba nyingine, akabadilisha. "Minye haiko komanda yako, Baba Dodo. Weye unapenda nini?" Hapo Séraphin aliitazama sahani mpaka chakula kikapoa.

Ikafika siku Bibiane, kwa kuchoka, akaanza kumchokoza ili akatae. Alimtilia chumvi katika chai, akanywa. Alimpa kitambaa chake cha kichwa cha zamani akamwambia akivae aende nacho bombani kuteka maji, akakivaa, akaenda, watoto wa mtaa wakamfuata wakicheka. Bibiane alimkimbilia, akakivua kitambaa kwa mikono yake mwenyewe mbele ya watu wote, kisha akalia jikoni mpaka moto ukazimika. Hakumjaribu tena. Alingoja tu.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba 2015, kiangazi kikiwa kimekaa sana na vumbi jekundu limefunika hata majani ya mihogo. Alasiri moja wingu likasimama upande wa Panda. Bibiane alikuwa akianua nguo kwenye kamba, na Séraphin ameketi juu ya tofali uani.

"Baba Dodo, ingia! Mvua inakuya!"

"Apana."

Bibiane alisimama na beseni mikononi. "Unasema nini?"

"Apana. Napenda kuiona kwanza."

Hakupandisha sauti. Uso wake ulikuwa umeelekea juu. Matone ya kwanza yalipiga mabati ya jirani, kisha mabati yao, kisha mikono yake aliyoifungua juu ya magoti. Bibiane aliweka beseni chini, akavuta tofali lingine, akaketi kando yake. Walilowa pamoja, na nguo zilizokwisha kukauka zikalowa pia. Plamedie alitoa kichwa dirishani.

"Mama! Nguo! Munafanya nini pale?"

"Nyamaza. Baba yako anakataa."

Asubuhi Bibiane alikwenda mbio kwa jirani yake, Mama Sylvie, hata kitambaa kichwani hakufunga. "Amenikataa!" akasema. Mama Sylvie akamshika mikono, akaanza kumwambia pole, kwamba wanaume wanaotoka porini ndivyo walivyo.

"Pole ya nini? Uniazimie sufuria kubwa. Leo tunakula kuku!"

Wazee wakaitwa tena, na Gauthier akauliza swali lilelile. Séraphin alijibu, "Namutaka. Na sitaki tungoye tena." Tarehe 2 Januari 2016 walirudia ahadi zao katika misa, mbele ya watoto wao. Padri alisema kwamba mbele ya Kanisa ndoa ile haikufa hata siku moja. Bibiane alisema anajua, lakini yeye alitaka kuisikia kwa mdomo wa mwenye ndoa.

Yaliyofuata yalikuja polepole, na waliokaa karibu naye waliyatazama jinsi mtu anavyotazama mtoto akijifunza kutembea, wakiogopa hata kupumua. Alilala kitandani. Akafunga mlango kwa ndani. Akaenda sokoni peke yake, akarudi na kitu ambacho hakuna aliyemtuma. Mwaka 2017 alifungua karakana ndogo Panda ya kusuka upya nyaya za mota, za pampu na za mashine za kusagia. Mteja aliyetaka kazi ya haraka na mbovu alijibiwa neno moja tu, na mtaa mzima ukaanza kumwita Monsieur Apana, yaani Bwana Hapana. Alilipenda jina hilo kuliko la ubatizo.

Mama mmoja wa Kakanda alisikia habari zake, akamletea kijana wake aliyerudi kutoka porini na asiyesema. Séraphin alikaa na kijana huyo karakanani siku nyingi bila kumwambia afanye lolote. Mama alipouliza dawa ni ipi, alimjibu, "Musimuambie fanya. Mumuulize. Na kama hajibu, mungoye. Bibi yangu alingoya." Kijana yule yupo hapa leo, amekuja na mke wake.

Mwezi wa Februari 2025 Séraphin alianza kuumwa tumbo. Mwezi wa Juni madaktari wa Likasi waliona uvimbe. Walieleza bila kuficha kwamba upasuaji Lubumbashi ungeweza kumwongezea muda, na ungeweza pia kumwua mezani. Familia ilikutana, kama inavyopasa, na Gauthier akaja na gari lililokwisha kulipiwa.

"Mudogo, tumekwisha kupatana. Tunaondoka kesho."

"Yaya, munisamehe. Apana. Nitabakia kwangu."

Gauthier alikasirika, akasema mgonjwa haamui, ukoo ndio unaoamua. Hapo wote wakamgeukia Bibiane, maana hakuna aliyetaka upasuaji ule kuliko yeye. Alikuwa amefunga sanduku la nguo tayari. Aliwaomba watoke nje, akabaki na mume wake, na Plamedie aliyekuwa akimpa maji.

"Na kama nikikuomba?" Bibiane akauliza.

Séraphin alimgeukia. "Ukiniomba, nitaenda. Sababu ni weye. Lakini minye sitaki, Mama Dodo. Nakuambia kweli yote, sitaki."

Bibiane alikaa pale mpaka jua likazama. Neno moja tu lilihitajika, na alikuwa nalo mdomoni. Angeweza kuwa naye mwaka mmoja zaidi, labda miwili. Plamedie anasema aliona midomo ya mama yake ikifunguka mara nyingi. Hatimaye Bibiane aliinuka, akafungua sanduku, akaanza kurudisha nguo kabatini, shati baada ya shati. Hakumwomba.

Séraphin Kilufya alifariki nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 4 Novemba 2025, akiwa na miaka hamsini na saba, baada ya kupokea sakramenti. Aliomba madirisha yafunguliwe, yakafunguliwa. Akasema anataka kulala kidogo, na hakumwuliza mtu kama anaweza.

Ameacha mjane, Bibiane Masengo, ambaye amemlilia mara mbili. Ameacha watoto wawili, Dodo na Plamedie, na mjukuu mmoja, Shekina. Ameacha kaka yake Gauthier, aliyeketi naye kila siku tangu siku ile ya gari, na dada yake mdogo Aimée, pamoja na wakwe, wajomba, na wafanyakazi wa karakana ya Panda. Familia inawashukuru wauguzi, jumuiya ya kikristo ya mtaa, na mama wa shamba, popote alipo.

Mungu amlaze kwa amani, nasi atupe nguvu za kumwacha aende.