Plastiki Inapigwa Picha Nzuri Kuliko Mama Zetu

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu Dakta Hirabayashi, karibu. Chai ipo, matufaha yapo, ngao uliyotuletea tumeiona. Tunaomba usiikabidhi kwanza.

HISTORIA

Sisi ni wapiga picha za eksirei watano, wote wanawake, wa basi la uchunguzi wa matiti. Kwa miaka kumi na moja tumezunguka vijiji vya wakulima wa tufaha humu bondeni. Zamani tulipima unene wa titi la kila mama, ndipo tukachagua nguvu ya mionzi. Titi jembamba nguvu ndogo, nene tukaongeza.

MAFANIKIO

Kwa miaka miwili mfululizo, basi letu limewapa wagonjwa dozi ndogo ya mionzi kuliko basi lolote mkoani. Ndiyo maana ya ngao hii. Sasa tuseme ilivyopatikana.

CHANGAMOTO

Mkuu wa kitengo, Bwana Nemoto, alifunga nguvu ya mashine kwenye kilovolti thelathini na mbili, kiwango cha juu, kwa kila mwanamke. Mionzi yenye nguvu hupenya na kutoka bila kubaki sana mwilini, kwa hiyo dozi hushuka. Lakini kwa matiti madogo yaliyoshikana kama ya wanawake wa hapa, picha hupauka, na uvimbe haujitengi na nyama. Mwenzetu Sanae alimwomba ashushe hadi ishirini na sita.

"Usiguse, Sanae. Dozi ikipanda, tuzo inaota mbawa."

"Na uvimbe ukitupita, bosi?"

"Wewe bonyeza kitufe. Kusoma picha ni kazi ya madaktari."

Tukaendelea kubonyeza, maana kwetu mkubwa habishiwi mara mbili. Hilo ni kosa letu, na linatuuma. Baya zaidi, wakaguzi wakija kupima ubora kwa kipande cha plastiki cha mfano wa titi, bosi alitufungulia mashine, tukashusha nguvu, picha ikatoka safi. Wakiondoka, tulirudisha thelathini na mbili kwa akina mama. Plastiki ilihudumiwa vizuri kuliko waliotuzaa!

Bi Kuwabara Fusae, mpishi wa shule, tulimpiga picha miaka yote miwili. Majibu: salama. Mwezi wa tatu alijipapasa bafuni akakuta uvimbe. Hospitali nyingine ilimpima kwa nguvu ndogo, ukaonekana waziwazi. Alikuja kwenye basi, akasimama mlangoni.

"Nyie mabinti, mlinibana mpaka nikaona nyota. Halafu hamkuona kitu?"

Tumekasirika, Mgeni rasmi, na hasira hiyo tunaanza nayo sisi wenyewe.

MAOMBI

Tunaomba mashine ifunguliwe leo, turudi kuchagua nguvu kwa unene wa kila titi. Dozi itapanda kidogo na itabaki ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Tunaomba wanawake wote wa miaka hiyo miwili waitwe wapigwe picha upya, na waambiwe kwa nini. Bwana Nemoto asitafutiwe maneno laini.

Kila picha hugongwa muhuri wenye jina la aliyeipiga. Mihuri yetu mitano iko mbele yako. Mashine isipofunguliwa, mihuri hiyo hatutaichukua tena.

Tunakutakia afya na maisha marefu, wewe na wote wa nyumbani kwako. Jumatatu basi linakwenda kijiji cha Iwasato, na mama yako mzazi ni wa kumi na saba kwenye orodha, saa tatu na nusu. Kwa mashine ilivyo sasa, yeyote atakayebonyeza kitufe, naye atapigwa picha kwa thelathini na mbili.

Ni sisi,
Wapiga Picha wa Basi la Uchunguzi, Bonde la Kamisawa