Aliyeifunika Maiti

Basi la kutoka Ruiru lilikuwa linakaribia Thika Kimeu aliposikia wanaume wawili nyuma yake wakizungumzia maiti iliyookotwa kwenye shamba la mkonge.

"Ilifunikwa matawi mabichi," alisema mmoja. "Hakimu anayechunguza kile kifo anasema aliyefunika ndiye aliyeua, akaficha."

"Kuficha? Kwani wewe ukikuta maiti njiani huitupii tawi, kwa heshima?"

"Natupia. Lakini hakimu ni Mzungu. Haya, nenda ukamweleze."

"Mimi? Nina watoto, bwana!"

Kimeu hakugeuka. Mfukoni alikuwa na karatasi ya kuitwa kutoa ushahidi, na jana, mbele ya karani, alikwisha kutia dole gumba kwenye maelezo yake: niliiona, nikaifunika.

Basi likasimama karibu na korti. Wale wawili, watu wa adabu, wakampisha ashuke kwanza.