Sifa za Mwalimu Albano

Kijiwe chetu cha Chang'ombe kilikuwa gogo la mvule lililobaki Mzee Boriti alipojenga nyumba yake, na mwaka ule wa hamsini na nne tulilikalia kila alasiri tukinywa kahawa. Mzee Boriti alikaa mwanzo wa gogo kwa haki ya ukubwa. Mtaa mzima ulimpa shikamoo, yeye hakumpa mtu, maana waliomzidi umri walishazikwa wote. Kornelio mchonga vinyago, ambaye tulimwita Patasi, alikaa katikati. Jamali Redio alikaa mwisho ili apate nafasi ya kurusha mikono. Hakuwa na redio, ila alikuwa anapiga pasi katika nyumba yenye redio, na kwetu hilo lilitosha. Mimi nilishika dele la kahawa, basi nikajiona mwenyekiti. Siku hiyo Jamali alifika anahema.

— Jamani, Baraza la Kutunga Sheria limesema! Mwalimu mkuu asiye na sifa, ikifika Januari hana shule!

— Umesikia vizuri? nikamuuliza.

— Mpaka nimeunguza kola ya shati la bwana! Wamesema sifa. Sifa zinazotakiwa.

Patasi akaweka kikombe chini. Binti yake Sesilia alikuwa darasa la nne, mtihani uko mlangoni, na mwalimu mkuu wake ni Mwalimu Albano.

— Watu wamekaa vitini kule mjini, akasema polepole, hawaijui hata njia ya Chang'ombe. Mmoja anainua mkono, na huku mwalimu wetu anatoka! Lo, hiyo nguvu gani?

— Hawainui mkono, akasema Jamali. Gavana anavaa kofia ile ya manyoya. Akiivaa tu, sheria imeanza kutembea.

— Na akiivua?

— Haivui mpaka ifike Kigoma.

Nakiri niliogopa, nikaangalia barabara kama sheria yenyewe inakuja kwa miguu. Mzee Boriti ndiye aliyetutoa kwenye woga.

— Nyie mnalia nini? Wanataka sifa, si ndiyo? Sie sifa za Albano tunazo tele. Tuwapelekee.

Wallahi, hatukuwa tumeliwaza hilo! Kila mtu akajiweka sawa.

— Anza wewe, Mzee.

— Andikeni kwamba akigonga kengele, hata mbuzi wa jirani yetu Hamisa wanasimama mstari.

— Mie nimemwona anasomesha imla, Jamali akadakia, mvua ikaja mpaka kwenye makuti ya shule, ikamsubiri amalize!

— Jamali!

— Ilisubiri! Aliposema nukta, ikanyesha.

— Ana macho kisogoni, nikaongeza mimi, nisije nikaonekana sina mchango.

— Hilo dogo, akasema Mzee Boriti. Yule akikutazama, hesabu uliyokosa unaiona imeandikwa usoni kwake.

Patasi alikuwa hajasema. Tulipomgeukia, akakuna kidole chenye kovu la patasi.

— Sesilia wangu alikuwa haongei mbele za watu. Kigugumizi. Mwalimu akampa kazi ya kuita majina ya darasa kila asubuhi. Wenzake wakacheka. Mwalimu akasimama pembeni yake, hamharakishi, hamsaidii, anasubiri tu. Mwaka mzima. Jumapili iliyopita kasoma somo kanisani, mbele ya watu wote. Mie nikatoka nje, nikalia.

Hakuna aliyetafuta la kuzidisha hapo. Hata Jamali alishusha mikono.

Tukasikia mtu anakohoa nyuma yetu. Benedicta, mke wa Mwalimu Albano, alikuwa amesimama na khanga kiunoni, sijui tangu lini.

— Shikamooni, wazee. Naomba kamba.

— Marahaba. Kamba ya nini, mama?

— Ya kufungia masanduku. Mkaguzi kaja asubuhi. Sifa wanazotaka ni cheti cha chuo, na mwenzangu hana. Aende akasome miaka miwili, au aache. Kasema anaacha, turudi kwetu Masasi. Anasema miaka yote hii hapa hakuna alilofanya.

— Hakuna alilofanya! Patasi akaruka.

Benedicta akatutazama mmoja mmoja.

— Haya mliyokuwa mnayasema, kuna aliyewahi kumwambia mwenyewe?

Nikainamisha dele ili nionekane nina kazi. Halikutoa kitu. Jamali akatazama miguu yake.

Wakati huo Mwalimu Albano mwenyewe akatokea kona ya nyumba, kijana mwenye kaptula iliyopigwa pasi vizuri, akimfuata mkewe.

— Benedicta, kamba imepatikana?

Mzee Boriti akajiinua kwenye gogo. Ilimchukua muda, magoti yake yana matatizo. Akavua kofia.

— Shikamoo, Mwalimu.

Mwalimu Albano akageuka nyuma, aone ni mzee gani anayekuja. Nyuma yake hapakuwa na mtu.