Nyota Arobaini na Nane za Fundi Pindo

Mwenye shida anayetaka itatuliwe aende kwingine. Anayetaka kuambiwa kwamba shida si yake, benchi lile lililo kati ya cherehani ya Pindo na gereji ya Spana ndilo mahali pake. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umelainishwa na makalio ya miaka mingi, na mbele yake Dada Kahawa huweka jiko, birika na vikombe saba ambavyo kimoja kina ufa na kila mtu anajifanya hakioni. Mkesha wa Krismasi, saa tisa alasiri, fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Pindo alitoka nyumbani kwake, nyumba ya pili tu kutoka pale, amekumbatia kopo kubwa la bati. Alikuwa na unga kwenye nyusi, na alikuwa na hakika kwamba haki iko upande wake. Alichotaka ni mtu mwingine aseme hivyo.

— Tazameni wenyewe, — akafungua kifuniko. — Arobaini na nane. Leteni rula kama mnabisha.

Ndani zililala biskuti za umbo la nyota, safu kwa safu, kila moja na ncha tano, zimelingana kama vifungo vya shati jipya.

— Hii si kazi ya binadamu, — akasema Spana, akifuta mikono kwenye ovaroli iliyokuwa chafu kuliko mikono yenyewe.

— Karatasi, ndugu yangu! Nimechora nyota kwenye karatasi, nimeikata, nimeilaza juu ya unga uliosukumwa, nimepita na kisu. Kama ninavyokata kola.

— Na binti yako alikuwa wapi? — akauliza Dada Kahawa, akimmiminia.

— Hilo ndilo lililonileta.

Akaeleza. Mkewe yuko zamu hospitalini mpaka kesho asubuhi. Aliacha unga, siagi, sukari, na agizo moja: oka na mtoto. Kesho baada ya ibada watoto wa shule ya Jumapili watapeana biskuti, na kila mmoja atasimama aeleze alivyozioka. Binti ameingojea siku hiyo tangu mwezi uanze. Na sasa amekaa kwenye kizingiti, amekunja mikono, anasema kopo likitaka liende kanisani peke yake.

— Eti, “Nikiulizwa nitasema mimi niliangalia.” Mtoto wa miaka saba ananijibu hivyo! Jamani, nimekosa wapi?

— Hujakosa, — akasema Karani, mstaafu aliyegonga mihuri ofisini miaka thelathini na ambaye hata maneno yake hutoka kama yamegongwa muhuri. — Kwa mujibu wa maelezo yaliyowasilishwa, mtoto ameshirikishwa. Kuangalia ni kushiriki. Mimi niliangalia miaka thelathini na nililipwa.

— Leo umesema ukweli mtupu, — akasema Dada Kahawa.

— Mtoto jikoni ni sawa na mteja anayeshika spana, — akadakia Spana. — Anasaidia, anasaidia, mwisho umebaki na boliti moja mkononi na hujui imetoka wapi.

— Asante! — Pindo akapiga paja.

— Tena kuna sayansi hapa, — Spana akaendelea. — Ncha zikipishana urefu, moto unaingilia ile fupi. Biskuti inaiva upande. Ukiila, inakukaa upande. Wale watu wanaotembea wameinama, mnadhani ni mgongo? Ni biskuti za utotoni!

— Na wewe kilichokuinamisha akili ni biskuti gani? — akauliza Dada Kahawa.

Karani akainua kidole, kahawa ikamwagika kidogo.

— Turudi kwenye msingi. Hii ni nyota ya Krismasi. Mamajusi walitoka mbali, wakaifuata, wakafika. Sasa chukulia ingekatwa na mtoto, ncha moja huku, nyingine kule. Wale wazee wangefika wapi? Wangefika kwa fundi viatu! Dhahabu, uvumba na manemane, vyote kwa fundi viatu!

— Naye angevipokea, — akasema Spana kwa huzuni.

Benchi likacheka, na Pindo akacheka kuliko wote. Alihisi kifua kikimpanuka. Akaona njia.

— Basi kesho asimame tu aseme ameoka. Nani atapima? Wazazi wote ndivyo wanavyofanya.

Dada Kahawa akaweka birika chini kwa kishindo.

— Ngoja kwanza. Umemnyang'anya unga, sasa unamtafutia na uongo wa kwenda kuusema kanisani? Siku ya Krismasi?

— Angeharibu, dada.

— Angeharibu nini? Unga wa mama yake, sukari ya mama yake, siku yake mwenyewe. Chako humo ni kipi? Mkeo aliagiza mtoto aoke, hakuagiza wewe ushinde. Na ulikuwa unashindana na nani, shemeji? Na mtu mwenye mapengo!

Pindo alikuwa na majibu matatu mazuri na alikuwa anachagua la kuanzia, wakati fundi bomba mmoja mgeni aliposimama mbele yao na mfuko wa vifaa begani.

— Hamjambo hapa. Natafuta nyumba yenye bomba linalovuja.

— Zote, — akasema Karani. — Kaa kwanza, upate kahawa.

Mgeni akakaa. Kopo likasogezwa mbele yake. Akachukua nyota moja, akatafuna, akatikisa kichwa kwa heshima.

— Tamu hii. Nani kaoka?

— Mimi na binti yangu, — akasema Pindo. Lilimtoka bila hata kusitasita.

— Safi sana. Na mimi ninaye wa kwangu, jikoni hatoki. — Akanyoosha mkono achukue ya pili, akausimamisha hewani. — Alizotengeneza yeye ni zipi? Nisije nikamlia yake.

Spana akagundua uchafu kwenye kucha moja kati ya kumi zilizokuwa chafu. Karani akasema, “Kimsingi,” akatafuta kilichofuata, hakukipata. Pindo akainamia kopo kama mtu anayetafuta kweli.

— Ilikuwepo moja, — akasema mwishowe, sauti imeshuka. — Ilikuwa na miguu.

— Nyota? Miguu?

— Nikamwambia nyota haina miguu. Akaniambia, “Baba, si ilitangulia mbele ya wale wazee mpaka ikasimama juu ya nyumba? Ilitembea na nini?”

— Iko wapi? — akauliza mgeni.

— Niliikanda. Pamoja na mabaki.

Imo humo humo ndani ya kopo, labda katika moja, labda imegawanyika katika tatu, imelazwa bapa na kupewa ncha tano. Alimtazama Dada Kahawa, akingoja apigwe na neno. Dada Kahawa alikuwa anachochea makaa.

— Ilikuwa na miguu mingapi? — mgeni akauliza, maana alitaka kujua tu.

Pindo, ambaye mwanamke akivuka tu barabara anakijua kipimo cha kiuno chake kwa kumtupia jicho, hakujua. Hakuitazama hata mara moja.

Akainuka. Kopo akaliacha pale pale benchini. Alivuka barabara mpaka dukani, akatoka na unga na sukari, akaenda nyumbani bila kupitia tena kijiweni. Binti alikuwa bado kwenye kizingiti. Pindo akakaa kando yake, magoti yakamfika kidevuni.

— Mama, ile nyota yako ilikuwa na miguu mingapi?

Binti akamtazama kama wateja wanavyomtazama akiwaambia nguo itakuwa tayari kesho.

— Mitano. Minne ya kutembelea, mmoja wa kusimamia.

— Siagi imebaki. Unga nimeleta.

— Na ile karatasi yako?

— Hatutaitumia.

Binti akaukagua mfuko wa unga, akamkagua na yeye, kuanzia nyusi mpaka viatu. Kisha akasimama, akampita mlangoni.

— Basi kanawe mikono, — akasema.