Karatasi ya Korti Iko Wapi?

Benchi iliegemea kibanda cha Priscah, fundi wa simu, ng'ambo ya korti ya Kakamega. Kila asubuhi Osiako, muuza kahawa, alileta birika lake, na nyuma yake wakaja wawili wasiokosa: mzee Shikanga, aliyebandikwa jina Satelaiti kwa kuwa hakuna siri ya angani asiyoijua, na Wanzala, aliyeitwa Wakili kwa sababu aliuza faili mlangoni pa korti. Siku hiyo Priscah alikuwa akibadilisha kioo cha simu ya Nafula, katibu wa chama cha wakata miwa wa Mayoni. Ndani ya simu mlikuwa na sauti za vibarua thelathini wakieleza jinsi mizani ya miwa inavyochezewa. Nafula alikuwa amemnong'oneza, "Dada, hiyo ikiangukia mikono mibaya, watu wangu wamekwisha."

— Simu hata ukizima, betri inasikizanga, Satelaiti alianza. Selikali hailali.

— Ina mipaka yake kisheria, mzee, Wakili akajibu.

— Mipaka gani? Mwenda pole hajikwai. Ndio maana mimi nikipiga simu naongea pole pole, wasinidake.

— Hapo methali umeiua!

— Na wale nyani wa msitu wa Isecheno wenye mikanda shingoni? Ati utafiti! Ni antena zile. Nyani haoni kundule, lakini WhatsApp yako anaiona yote.

Priscah alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Alipoinua kichwa, wanaume wawili wenye makoti walikuwa wamesimama mbele yake.

— Mulembe, mama. Simu ya Nafula iko hapa? mrefu wao akauliza.

— Nyinyi ni akina nani?

— Tumetoka ofisini. Tufungulie tuangalie vitu kidogo. Dakika tano tu.

 Priscah alijua kibanda kama chake huweza kung'olewa kabla ya saa sita mchana, na watoto wake walikula kutoka humo. Akatupia benchi jicho. Satelaiti ameinamia kikombe. Wakili anakagua viatu vyake. Basi akaweka kiganja juu ya ile simu.

— Karatasi ya korti iko wapi?

Wale wawili wakatazamana.

— Mama, haya ni mambo ya usalama.

— Sawa. Na karatasi? Yenye jina la Nafula na sahihi ya hakimu.

— Unajua unaongea na nani wewe?

— Hamjaniambia bado.

Wakili akainuka.

— Kifungu cha thelathini na moja cha Katiba! Mawasiliano ya mtu hayachokorwi ovyo. Korti ndiyo ile, vukeni barabara mkaombe. Faili nitawauzia mimi!

Kicheko kikalipuka. Wauza mboga walikuwa wamesogea, na watu wa boda wamezima pikipiki ili wasikie. Yule mrefu akatia mkono kotini, watu wakabana pumzi. Akatoa leso, akajipangusa jasho.

— Tutarudi.

— Mkirudi na karatasi, nitaisoma neno kwa neno, Priscah akasema.

Wakaondoka, na hawakuelekea kortini. Makofi yalirindima mtaa mzima. Osiako akamshika Priscah mkono na kumketisha.

Nafula alipofika mchana, alisimuliwa na vinywa sita kwa pamoja. Akasikiliza, kisha akauliza:

— Kwani walijuaje simu yangu iko hapa?

Benchi ikamgeukia Satelaiti. Akaelekeza kidole angani.

— Hilo silijui, Priscah akasema, akimkabidhi simu yenye kioo kipya. Ninachojua, sauti zako ziko zote, na hakuna aliyezisikia.

Nafula aliikumbatia simu, akamkumbatia na Priscah, kisha akapiga kigelegele hadi askari wa mlango wa korti akatoka nje kutazama.